Kandambili Iliyobaki Ngazini

Mjukuu wangu ndiye aliyeiona. Tulikuwa tunapanda ngazi za jumba letu la Michenzani, Unguja, mimi na kikapu changu cha Darajani, yeye nyuma na mkoba wa skuli. "Bibi, kandambili yako imebaki kule!" Nikageuka. Kandambili ya kushoto ilikuwa imelala ngazi saba chini yangu, na mguu ulikuwa umeshakanyaga saruji tupu bila kunipa habari. Nikamwambia aniletee, nikaivaa, nikapanda. Ilikuwa Machi 2018. Lawama zote siku ile niliitwisha kandambili. Niliona imelegea, na kesho yake nikanunua jozi mpya.

Kutoka Michenzani mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu asiyekimbizwa. Unakata Kisiwandui, unapita viwanja vya Mnazi Mmoja, unavuka barabara, umefika. Hospitali hiyo marehemu mama yangu aliiita Lenin mpaka anaingia kaburini, kwa jina lake la baada ya Mapinduzi. Wakubwa zake waliiita Karimjee Jivanjee. Mimi safari hiyo ya dakika ishirini ilinichukua miezi 14. Na katika miezi hiyo sikukaa bure, nilitibiwa. Nilitibiwa sana.

Nimefundisha Sayansi darasa la sita kwa miaka 31 katika skuli za Ng'ambo. Mara ngapi nimeuchora uti wa mgongo ubaoni kwa chaki, pingili juu ya pingili kama vikombe vilivyopangwa kabatini! Niliwaambia watoto kwamba ndani ya pingili mna ugwe, na huo ugwe ni ubongo ulioteremka: kila neno ambalo ubongo unaliambia guu, na kila jibu ambalo guu linaurudishia ubongo, hupita humo. Una urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole kidogo cha mkono. Tena haufiki chini kabisa kama watu wanavyodhani. Huishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo hutawanyika nyuzi tupu, mfano wa mkia wa farasi. Hayo niliyafundisha, wakayajibu kwenye mtihani, wakafaulu. Ila sikuwahi kujiuliza jambo dogo: hicho kidole kikibanwa, mwenyewe huhisi nini?

Tatizo la uvimbe wa kichwani na wa mgongoni si ubaya wa uvimbe peke yake, ni nyumba uliyoingia. Hapa pwani sote tumewaona wazee wenye mabusha. Busha linaweza kukua miaka kumi na mzee akaenda nalo msikitini na barazani, kwa sababu lina nafasi ya kuning'inia. Fuvu na pingili ni mfupa, na mfupa hautanuki. Humo ndani kila kitu kimepimiwa nafasi yake: ubongo wa kiasi cha kilo 1.4, damu, na yale maji yanayouzunguka. Akiingia mgeni, hata awe mpole, hata asiwe saratani, lazima mwenyeji mmoja asogee. Ndiyo maana uvimbe ambao ungekuwa shingoni ungeitwa kinundu tu, ukiwa ndani ya mfereji wa mgongo unamlaza mtu kitandani.

Uvimbe wangu ulianza kunisemesha kabla ya ile kandambili, kwa lugha ambayo sikuielewa. Kwanza maumivu katikati ya mabega, ya usiku. Mchana yananiacha nipike, nifue. Nikilala chali yananiamsha saa nane, na nikikaa kitako yanapungua. Kisha nikaanza kuhisi nimekazwa kifua, pande zote, kama mzazi aliyefungwa mkaja na mtu mwenye mikono ya nguvu. Baadaye sakafu ikawa laini; nyumba nzima nilihisi imetandikwa godoro. Nikitia udhu, mguu wa kulia haujui kama maji ya bomba ni baridi au yamepigwa jua. Na jambo moja lililonitia hofu ya kweli: nikifumba macho kuosha uso, nayumba. Nikishika ukuta natulia. Siku hizi najua kwamba madaktari wana kipimo cha namna hiyo hiyo, humsimamisha mgonjwa miguu pamoja na kumwambia afumbe macho. Miguu isiyoleta habari hutegemea macho yaishikie nafasi yake. Ukiyafumba, mtu anaanguka. Mimi kipimo hicho nilikuwa nikikifanya mwenyewe mara tano kwa siku, na sikujua kukisoma.

Majina ya ugonjwa sikukosa. Mkandaji wangu wa Kwahani alisema ni baridi, akanichua mgongo kwa mafuta ya makonyo mpaka nyumba nzima ikanuka karafuu. Jirani wa ghorofa ya pili, bibi mmoja ninayempenda na atakayerudi mwishoni mwa habari hii, alisema baridi yabisi. Wifi yangu kutoka shamba alisema nimekanyaga kitu, na hilo lilikuwa na mantiki yake, maana ugonjwa ulikuwa miguuni. Nilisomewa. Niliandikiwa kombe la zafarani, nikalinywa. Sisemi haya kwa kejeli, na wala sitaki msomaji afikiri kisomo ndicho kilichonichelewesha. Mwalimu aliyenisomea ndiye mtu wa kwanza kuniambia, "Dua naomba, lakini na daktari mwende." Kilichonichelewesha ni neno lenyewe, baridi. Ukishakuwa na jina la ugonjwa, huutafuti tena.

Na hospitali nilikwenda. Vituo vitatu, ambavyo sitavitaja. Kimoja walinipiga sindano nyekundu za vitamini, kumi. Kimoja walinipa dawa za maumivu zilizonichoma tumbo nikaacha kula pilipili. Cha tatu walinipiga picha ya kiuno, wakanionyesha mahali pingili zilipoanza kulika, na kweli zilikuwa zimelika; kwa mwanamke wa miaka 57 aliyebeba ndoo za maji ujana wake wote, zingeacha vipi? Picha ilikuwa ya kweli, ila ilipigwa mahali pasipo ugonjwa. Miguu ndiyo iliyolalamika, basi wote wakatazama kiunoni. Hakuna aliyenivua viatu.

Aliyenivua viatu ni daktari kijana wa Mnazi Mmoja, Mei 2019, mchana wa Ramadhani. Nadhani mwezi mtukufu ulinisaidia: foleni ilikuwa fupi, watu wameshinda majumbani, na kijana yule alikuwa na nusu saa ya kunipa. Wakati huo napanda ngazi kwa kushika ukuta, na haja ndogo ikinijia sipati muda wa kufika chooni. Hili la mwisho sikumwambia mtu, hata binti yangu. Yeye aliniuliza mwenyewe, kwa adabu, akitazama karatasi: "Samahani mama, na choo je?" Nikalia.

Akamwita muuguzi wa kike asimame nami na kunishikia kanga. Akachomoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaivunja, na kwa ile ncha kali akaanza kunigusa tangu kidole cha mguu kupanda juu. "Mama, ukihisi ukali umebadilika niambie." Akapanda ugoko, goti, paja. Kila mahali nilihisi nimeguswa, lakini kwa mbali, kama mtu anayenigusa kupitia buibui. Akapanda tumboni, akapita kitovu, akaendelea. Chini ya ziwa tu, pale unapopita ukanda wa sidiria, njiti ikachoma. "Hapo!" Akarudia upande wa pili: pale pale. Akatia alama kwa kalamu. Kisha akatoa ufunguo wa vespa yake, akanikuna nyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele. Mguu wa mtu mzima ukikunwa hivyo, dole gumba hujikunja chini. Langu lilisimama juu lenyewe kama limeitwa jina. Alama hiyo ilielezwa na Joseph Babinski jijini Paris mwaka 1896, na mpaka leo haijapatikana mashine inayoifanya kwa bei nafuu kuliko ufunguo.

"Mama," akasema, "ugonjwa wako hauko kiunoni. Uko kifuani, nyuma. Kuna kitu kinabana uti."

Mimi mwalimu wa Sayansi nilikaa pale kitandani nikaona haya. Mstari ule ulikuwa mwilini mwangu miezi yote, na mtu yeyote mwenye njiti ya kiberiti angeuona.

Baada ya kupona nilisoma, maana nina muda. Nikakuta habari ya London ya mwaka 1887. Kapteni mmoja aliteseka na maumivu ya mgongo miaka mitatu, madaktari wengi wakamtazama na kumpa kila mmoja lake, mpaka miguu ikafa. Ndipo akatafutwa William Gowers, bingwa wa mishipa ya fahamu. Picha za eksirei zilikuwa hazijazaliwa, Röntgen alizigundua miaka minane baadaye. Gowers alikuwa na macho, vidole na vitu vya kugusia, akafuata mstari kama huo wangu, akasema uvimbe upo mahali fulani. Tarehe 9 Juni daktari wa upasuaji Victor Horsley akafungua mgongo pale alipoelekezwa. Hakukuta kitu. Msaidizi wake akamshikilia aondoe na mfupa wa juu yake, na hapo ndipo ulipokuwa, umelala pembeni ya ugwe. Kapteni yule alitembea tena. Huo ulikuwa uvimbe wa kwanza wa ugwe wa mgongo kuondolewa na mgonjwa akapona. Nilipoisoma nilicheka peke yangu sebuleni: miezi yangu 14 na miaka mitatu ya kapteni, ugonjwa mmoja.

Njiti ya kiberiti inasema wapi, haisemi nini. Hapo kijana yule alinieleza bila kunificha. Kifua kikuu kinaweza kula pingili na kubana uti, na kifua kikuu hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, hakingoji kisu kila mara. Saratani ya titi inaweza kutuma mbegu zake kwenye mfupa wa mgongo. Muuguzi akanipima maziwa yote mawili na makwapa. Au kuna uvimbe uliozaliwa hapo hapo. Akaniandikia picha ya MRI, na vidonge vya deksamethasoni. Dawa hiyo haiui uvimbe. Hupunguza maji yanayojaa kuuzunguka, na kumpa mgonjwa nafasi ya siku na wiki. Kwa siku tatu miguu ikachangamka, nikafikiri nimepona. Nilikula pia kama mtu aliyetoka jela, mikate ya kumimina mizima mizima. Dawa huleta njaa hiyo, na hupandisha sukari, na haiachwi ghafla. Mwenye kupewa aiache kwa kuelekezwa.

Picha nilikwenda kupiga Dar es Salaam. Boti kutoka Malindi, mwendo wa saa mbili hivi, na binti yangu amenishika mkono kama mimi nilivyomshika siku ya kwanza ya skuli. Mashine ya MRI haitumii mionzi. Ni sumaku yenye nguvu kubwa inayoyasemesha maji ya mwili, na maji ndiyo yanayojibu na kufanya picha. Kwa hiyo huingii na chuma: hereni, pini za mtandio, kila kitu nje. Bangili moja ya dhahabu ilikataa kutoka, iko mkononi tangu ndoa yangu, binti yangu akaitoa kwa sabuni chooni. Kisha unalala ndani ya tundu jembamba na mashine inapiga kelele mfano wa kinu cha kukoboa mpunga, dakika arobaini, na wewe usijitikise. Nilisoma nyiradi zote ninazozijua. Ile bangili haikurudi mkononi, ndiyo iliyolipia picha na boti.

Kwenye picha uvimbe ulionekana waziwazi baada ya sindano ya dawa ya kung'arisha: mweupe, mviringo, ukubwa wa kokwa la tende. Kokwa la tende! Ugwe pembeni yake ulikuwa umebanwa umekuwa utepe. Daktari akasema kwa sura yake huenda ni uvimbe wa utando, ule utando unaofunika ubongo na ugwe, wanaouita meninjioma. Huota polepole, miaka. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na ule wa mgongoni hupenda kifuani, na umri wangu ndio umri wake. Mara nyingi si saratani. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu wa kawaida.

Nikalazwa Mnazi Mmoja, baada ya Idi, kwenye jengo la upasuaji wa ubongo na mgongo. Lilifunguliwa mwaka 2014. Lilijengwa na taasisi ya Kispania iitwayo NED, ya Dk. José Piquer wa Valencia, kwa ushirikiano na wenzake wa Afrika Mashariki, akiwamo Dk. Mahmood Qureshi wa Nairobi. Kabla ya hapo, mwenye ugonjwa kama wangu mara nyingi alilazimika kuvuka bahari, Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa, MOI, au India kwa mwenye bahati ya kupelekwa. Wodini sikuona wengi wa umri wangu. Niliona kina mama vijana na watoto wachanga: vichwa vikubwa vilivyojaa maji, na mgongo wazi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya jengo lile. Uvimbe ni wageni wachache.

Mgeni mmoja alikuwa mvuvi kutoka upande wa Mkokotoni, wa miaka arobaini na kitu, aliyelazwa chumba cha wanaume. Tulikutana uani, yeye na kofia yake na mimi na kiti cha magurudumu. Alinisimulia kwamba siku moja yuko pwani anashona wavu, dole gumba la mkono wa kulia likaanza kucheza lenyewe. Akalitazama. Likaambukiza kiganja, kiganja kikaambukiza mkono, mdomo ukapinda, kisha hakumbuki. Nyumbani wakasema jini la baharini. "Na miye nilisema hivyo hivyo, mwalimu. Ningesema nini?" Likamrudia mara tatu ndipo akapigwa picha ya CT.

Mashine hiyo ya CT nayo ina historia ya kichwa. Mtu wa kwanza kupigwa picha yake alikuwa mwanamke aliyedhaniwa ana uvimbe wa ubongo, tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Aliyeibuni ni Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ile ya santuri. Kabla ya hapo ubongo wenyewe ulikuwa haupigiki picha moja kwa moja. Eksirei huonyesha fuvu na kuishia hapo.

Nilimuuliza daktari kwa nini nyuso za watu wa yule mvuvi zimeingia giza na za watu wangu zimeanza kuchekacheka. Akanieleza kwa mfano wa shamba. Uvimbe wangu ni jiwe lililoingia kwenye mchanga: ukichimba pembeni yake unalitoa zima. Wa yule mvuvi ulitokana na nyama ya ubongo wenyewe, glioma, na ule mkali kuliko yote katika ukoo huo huitwa glioblastoma. Huo ni ndago. Unang'oa unachokiona, na mizizi imeshatambaa mahali ambapo jicho halifiki, na huwezi kuchimba zaidi kwa sababu udongo wenyewe ndio mtu: ndimo mlimo mkono wake wa kulia na maneno yake. Kwa hiyo hupunguzwa kwa kisu, kinyama hupelekwa maabara, kisha mionzi na dawa. Mionzi maana yake Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye hospitali iliyoanzishwa na Wajerumani kabla ya mwaka 1900. Siku tano kwa wiki, wiki sita, mara 30. Kila mara kichwa hufungwa kwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa juu ya uso wa mgonjwa mwenyewe, kisicheze hata unywele. Dakika zenyewe ni chache. Kinachowashinda wagonjwa wa Unguja ni hizo wiki sita: unalala kwa nani, unakula nini, na ngalawa nani anaiangalia?

Na faida yake? Nitaitaja, kwa sababu yule bwana aliiuliza akajibiwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2005, ulioongozwa na Roger Stupp, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa glioblastoma waliopata mionzi peke yake walivuka miezi 12.1, waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi, miezi 14.6. Yaani miezi miwili na nusu. Wapo waliokwenda miaka, lakini ni wachache. Yule mvuvi alikwenda Ocean Road, akarudi, akashona nyavu pwani msimu mmoja mzima. Alifariki Ramadhani ya pili. Mkewe aliniletea pweza mkavu alipokuja kunipa habari.

Nasema hivi ili mtu asisome habari yangu akafikiri kila uvimbe ni kokwa la tende. Tena asisome ya mvuvi akakimbia hospitali kwa kila kichwa kinachouma. Vichwa huuma kwa njaa, kwa homa, kwa kodi ya nyumba, na karibu vyote hupoa. Kinachotisha ni kichwa ambacho hukukijua, kinachozidi wiki hadi wiki, kinachokuamsha alfajiri na kutapika, na ukishatapika kinapungua. Ni mtu mzima aliyepata kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani. Ni jicho linalopoteza upande, mtu akawa anajigonga kwenye fremu ya mlango ule ule kila siku. Ni mtoto aliyekuwa anakimbia na sasa anapepesuka, na asubuhi anatapika. Ni baba mpole aliyegeuka mtukutu ghafla, na watu wakasema amerogwa. Na kwa mgongo, miguu ikifa ganzi na haja ikaziba au ikatoka yenyewe, usingoje asubuhi. Ugwe uliobanwa polepole, kama wangu, husamehe mengi. Uliobanwa kwa ghafla huhesabiwa kwa saa.

Siku ya kisu watu wa nyumbani waliogopa kuliko mimi. Ng'ambo hakuna baraza pasipojulikana kisa cha mwaka 2007, cha wagonjwa wawili wa hospitali moja ya Dar es Salaam waliofanana jina la kwanza: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kaka yangu alinikumbusha usiku ule, sijui kwa faida gani. Lakini nilipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, muuguzi aliniuliza jina langu, la baba na la babu. Akaniuliza napasuliwa nini. Akatazama mkanda wa mkononi, akatazama alama ya kalamu mgongoni. Ndani wakarudia tena, kwa sauti, wote wamesimama. Nilijiona niko mstarini skuli. Orodha hiyo ya maswali ilisambazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, na kati ya hospitali nane zilizoijaribu kwanza duniani, mojawapo ni ya kwetu, Ifakara. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: katika hospitali zile vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8. Kwa maswali tu.

Nililazwa kifudifudi. Mengine niliyaambiwa. Walipiga picha humo humo ndani, wakahesabu pingili mara mbili, kwa sababu kifuani ziko 12 na zote zinafanana. Kosa la Horsley lingeweza kuwa la yeyote. Wakaondoa upinde wa nyuma wa pingili mbili, wakaupasua utando, na chini ya hadubini wakautoa uvimbe kipande kwa kipande, ili ugwe usisukumwe hata kidogo. Kisha wakaushona utando maji yasivuje. Kazi ilichukua saa nne. Walikuwamo vijana wa hapa hapa na mgeni mmoja wa Kispania. Nani alishika kisu sikuuliza.

Nilipozinduka, sauti ilisema, "Mwalimu, chezesha vidole vya miguu." Sikuvihisi, lakini niliona shuka inatikisika.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu. Meninjioma, daraja la kwanza, si saratani, yenye chembe ngumu ndogo ndogo ambazo madaktari wamezipa jina linalotokana na neno la Kiyunani la mchanga. Mchanga! Hakuna mionzi, hakuna dawa. Picha kila baada ya muda, kwa sababu mara chache hurudi.

Kutembea ndiyo ilikuwa kazi. Uvimbe hutolewa kwa saa, ugwe hujirudi kwa miezi. Kijana wa mazoezi ya viungo alinisimamisha siku ya tatu. Wiki mbili na kiti, mwezi na fremu ya chuma, halafu mkongojo. Kitu cha kwanza kilichorudi ni ubaridi: asubuhi moja nimekanyaga sakafu ya chooni, nikapiga kelele, binti yangu akaja mbio akidhani nimeanguka. Choo kilikaa sawa mwezi wa pili. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakijarudi mpaka leo, na kandambili nimezifunga mpira kisiginoni kama za mtoto.

Ngazi za jumba letu kutoka chini hadi mlangoni kwangu ni 54. Sikuwahi kuzihesabu katika miaka ishirini na kitu. Mwaka ule nilizihesabu kila siku. Oktoba 2019 nilizipanda zote bila kushika ukuta, na kikapu mkononi, kitupu lakini kikapu. Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi, na bibi jirani yangu kakaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Naona baridi imekutoka."

"Haikuwa baridi, bibi. Ulikuwa uvimbe. Nimeshakwambia, wameutoa mgongoni."

Akapepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Ndiyo," akasema. "Uvimbe wa baridi."

Nikamuaga, maana zilikuwa zimebaki ngazi 18.